Mshale wa Redio Unaishia Wapi?

Ukitaka kuijua redio, usianze na spika. Spika kubwa ndiyo inayouza redio nyingi mjini, lakini haikuambii sauti inatoka wapi. Itazame redio usoni, pale penye namba, uufuate mshale wake kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Kila redio ina mahali mshale wake unapogota. Na ukichimba kidogo utakuta kwamba mara nyingi haukugota pale kwa bahati. Kuna mtu, au kampuni, au serikali, iliyokaa mahali ikaamua kwamba msikilizaji huyu atasikia mpaka hapa, basi.

Jambo hili limenikaa kichwani tangu mjomba wangu aniagize redio. Mjomba ni mwalimu mstaafu, anaishi Tana River, na si mtu wa maneno mengi kwenye simu. Baada ya shikamoo na marahaba aliniambia tu: "Nitafutie redio inayoshika mbali, mwanangu. Si hizi za kupiga nyimbo. Nataka ya masafa mafupi." Nikamuuliza kwani ile ya zamani ina nini. Akasema ile ya zamani haikuwa na neno, ila Sauti ya Amerika imenyamaza, na yeye hajui kama kilichokufa ni redio yake au ni stesheni.

Ilikuwa stesheni. Tarehe 14 Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kulipunguza hadi chini kabisa shirika linaloisimamia Sauti ya Amerika, na siku iliyofuata wafanyakazi wakaambiwa wakae nyumbani. Idhaa ya Kiswahili, iliyokuwa hewani tangu 1962, ikakatika pamoja na nyingine nyingi. Lakini swali la mjomba lilikuwa zito kuliko alivyolitamka. Ukikosa sauti uliyoizoea, utajuaje kama ni sikio lako au ni mdomo wa mwenzako? Na ukienda dukani kununua sikio jipya, unanunua nini hasa?

Basi nikashuka Luthuli Avenue, Nairobi, barabara ambayo ukikosa kitu cha umeme hapo, ujue kukipata kwingine ni kazi. Muuzaji wa kwanza alinitolea redio nyeusi yenye tochi upande mmoja, mahali pa kuchomeka flashi, na kipande cha sola mgongoni. "Boss, hii inashika dunia nzima." Usoni iliandikwa FM, AM, na SW mara kadhaa. Nikaivuta antena, nikaiweka kwenye SW, nikazungusha. Ilikuwa kama mtu anakaanga samaki. Jamaa hakutishika hata kidogo. "Hapa ni stima ya town inasumbua. Ukifika nayo ushago itashika."

Alikuwa anauza, ndiyo, lakini hakuwa anadanganya. Na ili nieleze kwa nini, hebu tuanze na mawimbi yenyewe.

Wimbi la FM husafiri kama jicho la mtu. Linakwenda moja kwa moja, na likikutana na mlima au na mgongo wa dunia linaishia hapo. Ndiyo maana ukiwa kwenye basi stesheni uliyoondoka nayo mjini huanza kukwaruza, ikafifia, mpaka dereva akatafuta nyingine. Masafa mafupi, yaani yale ya kati ya megahezi 3 na 30, yana tabia yake. Yakirushwa juu hugonga tabaka la ionosfia, kilomita mia moja na zaidi juu ya vichwa vyetu, yakarudi chini, yakadunda ardhini au baharini, yakapanda tena. Kwa kurukaruka huko, mtambo mmoja ulioko Ulaya au China unaweza kusikika Garsen bila mnara wowote katikati.

Kuruka kuna vituko vyake. Kwa miaka mingi Sauti ya Tanzania Zanzibar ilijulikana kwa wapenzi wa masafa mafupi huko Ulaya, waliokuwa wakiitafuta kwenye kilohezi 11735, ilhali wimbi kama lile linaweza kumruka mtu aliye karibu nalo zaidi kama vile hayupo. Mchana hufaa masafa ya juu, kama mita 19 na 16. Jua likizama, hizo hunyamaza, na kazi inashikwa na mita 31, 41 na 49. Mtu anayefungua redio saa nane mchana kwenye mita 49 akasikia mvumo mtupu anaweza kudhani kauziwa takataka, kumbe amefika sokoni siku isiyo ya gulio.

Lakini jambo kubwa kwa mwanahistoria si hilo. Jambo kubwa ni kwamba wimbi la namna hii halipiti kwenye ofisi ya mtu yeyote mpakani. Haliombi leseni kwa nchi linayoingia. Serikali nyingi ziliifahamu tabia hii mapema. Baadhi zilipambana nayo kwa kurusha kelele juu ya matangazo ya watu. Nyingine zilikuwa na akili zaidi: zilishughulika na redio yenyewe, kabla haijafika mkononi mwa msikilizaji.

Mfano wa kwanza ni Ujerumani ya Hitler. Mwaka 1933 ilizinduliwa huko redio ya bei nafuu iliyoitwa redio ya wananchi, modeli VE301. Namba hiyo ilikuwa kumbukumbu ya tarehe 30 Januari, siku Hitler aliyoingia madarakani. Bei yake ilikuwa Reichsmark 76, na familia nyingi za kawaida zikaimudu. Ilikuwa na masafa ya kati na masafa marefu. Masafa mafupi haikuwa nayo. Usiku bado mtu aliweza kuzishika stesheni za nje zenye nguvu, kwa hiyo vita vilipoanza tarehe 1 Septemba 1939, kusikiliza stesheni za kigeni kukafanywa kuwa kosa la jinai. Chuma kilikuwa kimekwisha kufanya sehemu ya kazi. Sheria ikamalizia.

Muungano wa Kisovieti ulikwenda kwa njia nyingine. Ile nchi ni kubwa mno, na masafa mafupi yalihitajika kuwafikia watu wake wenyewe, kwa hiyo haingewezekana kuyafuta. Redio zilizouzwa humo, kama ile Spidola maarufu iliyotengenezwa Riga kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960, zilikuwa nayo, ila mshale uligota kwenye mita 25. Mita 19, 16 na 13, ambako sauti za magharibi zilipita mchana na ambako kelele za serikali hazikuwa rahisi kuzifunika, hazikuwamo. Mafundi wa mitaani wakapata riziki hapo. Unampelekea redio, anaifungua, anabadilisha koili, mshale unasogea mbele kidogo.

Na hapa kwetu Afrika, makaburu wa Afrika Kusini walianza kujenga mtandao mkubwa wa FM mwanzoni mwa miaka ya 1960. FM ina sauti safi, na watu waliipenda. Lakini tazama walichopata watawala: mtu mwenye redio ya FM tupu anasikia kile tu kilichorushwa kutoka mnara wa karibu, na mnara ni wao. Wale waliotaka kuisikia Radio Freedom ya chama cha ANC, iliyokuwa ikitangaza kutoka Tanzania, Zambia na nchi nyingine zilizowapa hifadhi, walihitaji redio ya masafa mafupi na mlango uliofungwa vizuri. Kuisikiliza kulikuwa kosa.

Ukiziweka nchi hizo tatu pamoja, unaona kwamba hakuna aliyekuwa na haja ya kuwanyima watu redio. Walipewa redio, tena kwa bei nzuri. Kilichopimwa ni urefu wa mstari.

Wakoloni wa Kiingereza huku kwetu walikutana na tatizo hilo kwa upande wa pili. Matangazo ya redio yalianza Nairobi mwaka 1928 kwa ajili ya walowezi, na kwa muda mrefu Mwafrika hakuhesabiwa kuwa msikilizaji. Aliyelifikiria jambo hilo kwa umakini alikuwa Lusaka, Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Harry Franklin, aliyesimamia idara ya habari ya serikali, aliishawishi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza kutengeneza redio ndogo ya betri ambayo Mwafrika wa kawaida angeweza kuinunua. Ilitoka mwaka 1949: ya duara, ya buluu, ndani ya kasha la alumini lililoigwa kutoka kwa sufuria. Watu wakaiita redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, betri mbali.

Redio hiyo ilikuwa ya masafa mafupi, na sababu ni ya hesabu tu. Nchi ni kubwa, watu wametawanyika, pesa ni kidogo. Wimbi la kuruka lingewafikia wote kwa mtambo mmoja. Serikali ilitaka watu waisikilize Lusaka. Lakini hapo ndipo penye utamu wa hadithi: ukishampa mtu masafa mafupi, huwezi kumpa Lusaka peke yake. Kidude cha kuzungusha hakina utii. Leo atakupata wewe, kesho atasogeza unywele mmoja kulia ampate mwingine.

Na mwingine akaja. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari tangu Oktoba 1952. Mwaka 1954, Cairo ya Gamal Abdel Nasser ikaanza kutangaza kwa Kiswahili kwenye masafa mafupi, ikiwashambulia Waingereza kwa lugha ya huku huku, kwa midomo ya watangazaji ambao miongoni mwao walikuwamo Wazanzibari. Huko pwani redio moja haikuwa ya mtu mmoja. Ikiwashwa mkahawani, imewashwa kwa baraza zima, na aliyesikia huenda nayo nyumbani akamsimulia ambaye hakusikia. Kwa mkoloni hilo lilikuwa kero kubwa. Mombasa alikuwa na stesheni yake, Sauti ya Mvita, ya kuwaweka watu karibu. Na tarehe 27 Juni 1957 BBC ikaanza matangazo ya Kiswahili kutoka London.

Sisi tulioilelea lugha yetu kwa idhaa ile huwa tunaisimulia kama zawadi. Si vibaya, lakini tukumbuke kwamba ilipofika hewani haikukuta uwanja mtupu. Ilikuta Cairo imekaa tayari. Baada ya hapo Vita Baridi vikajifunza Kiswahili upesi upesi: Beijing mwaka 1961, Washington 1962, Ujerumani Magharibi kupitia Deutsche Welle mwaka 1963. Kila mkubwa alimtaka msikilizaji wa Afrika Mashariki, na kila mmoja alikuwa na lake. Msikilizaji kwa upande wake alipata kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekusudia kumpa: nafasi ya kuwalinganisha.

Teknolojia nayo ikaja kwa wakati wake. Redio za zamani zilikuwa za vali, zile taa za kioo zinazokula betri kama moto unavyokula nyasi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 transista zikaingia, na redio ikawa kitu cha kutundika shingoni unapochunga ng'ombe au unapolima. Mawe machache yaliitosha kwa wiki nyingi. Nakuru kulifunguliwa kiwanda cha betri cha Eveready mwaka 1967, na hakikufungwa mpaka 2014. Hapo katikati kuna watoto wa Kenya wasiohesabika waliotumwa dukani kununua mawe, au kuyaanika juani yale yaliyochoka ili yafike taarifa ya habari ya jioni.

Sasa nije kwa mjomba, maana najua kwa nini anasema "inayoshika mbali" kwa sauti ile.

Baada ya uhuru, mwaka 1964, serikali ya Kenya iliichukua redio ikawa Sauti ya Kenya, na kwa zaidi ya miaka thelathini hapakuwa na sauti nyingine ya ndani. Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982, askari wa jeshi la anga waliiteka stesheni hiyo alfajiri. Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji ambaye kila nyumba ilimjua kwa sauti, akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kabla siku haijaisha, wanajeshi watiifu kwa Rais Daniel arap Moi, wakiongozwa na Jenerali Mahmoud Mohamed, walikuwa wameikomboa stesheni, na stesheni ile ile ikatangaza kwamba serikali ipo.

Mjomba alikuwa mwalimu kijana Garsen. Mdogo wake alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Fikiria wewe ni mzazi, uko mamia ya kilomita mbali, hakuna simu, na chombo pekee ulicho nacho kinakuambia asubuhi kwamba serikali imeanguka na baadaye kwamba haikuanguka. Utaamini lipi? Babu alikuwa ameshafunga kibindo, anataka kwenda barabarani kutafuta lori la Nairobi amfuate mwanawe. Mjomba anasema walimshika kwa nguvu wakamwambia, "Baba, subiri jioni." Jioni wakakusanyika kwa mwenye duka, ambaye redio yake ilikuwa na masafa mafupi, na mwenye duka akaitafuta London kwa vidole viwili, taratibu, kama anayetoa mwiba.

Nilimuuliza mjomba ilisema nini. Maneno yenyewe hayakumbuki vizuri. Anachokumbuka ni kwamba habari ilisomwa na mtu ambaye hakuwa na bunduki mgongoni. Hilo likawatosha kuelewa kwamba Nairobi kuna risasi na uporaji, na kwamba mzee hapaswi kusafiri. Babu akafungua kibindo. Chuo kikafungwa, na mdogo wake mjomba akafika nyumbani siku kadhaa baadaye akiwa amekonda lakini mzima.

Usidhani ni wanakijiji tu wanaofikishwa hapo. Miaka tisa baadaye, Agosti 1991, mapinduzi yalijaribiwa Moscow, na Rais Mikhail Gorbachev akazuiliwa kwenye nyumba yake ya mapumziko huko Foros, Crimea, simu zote zimekatwa. Mkuu wa dola iliyotumia mali nyingi kuvuruga matangazo ya kigeni aliijua hali ya nchi yake mwenyewe kupitia redio za zamani ambazo walinzi wake walizikuta mle ndani wakazifungia nyaya. Alipokombolewa alisema walisikiliza stesheni kadhaa za nje, na kwamba BBC ndiyo iliyosikika vizuri kuliko zote. Sentensi hiyo ni mapitio ya redio kama mengine, ila mwandishi wake alikuwa mfungwa.

Kisha zikaja neema. Kuanzia mwaka 1996 Kenya ikapata stesheni binafsi za FM, na baada ya hapo mafuriko. Wakubwa wa nje nao wakashuka kutoka masafa mafupi wakaja kukaa mjini: China ilifungua FM yake Nairobi mwaka 2006, nyingine zikakodi muda kwa stesheni za hapa. Sauti ikawa safi kama maji ya mtungi. Kwa nini uhangaike na mikwaruzo? Mitambo ya masafa mafupi ikaanza kuzimwa mmoja mmoja. Kituo cha BBC cha kurushia matangazo kutoka Ushelisheli kilifungwa mwaka 2014. Cha Deutsche Welle kilichokuwa Kigali kikafuata mwaka 2015.

Lakini sauti ya London inayokufikia kwa FM ya mjini kwenu inakuja kwa hisani ya serikali yenu. Burundi ilionyesha jinsi hisani hiyo inavyokatwa. Mwezi Mei 2018, kabla ya kura ya maoni ya katiba, ilisimamisha matangazo ya BBC na ya Sauti ya Amerika, na mwaka 2019 ikaiondolea BBC leseni kabisa. Minara ilikuwa Burundi, na swichi ilikuwa Burundi. Kilichobaki kwa aliyetaka kusikia kilikuwa wimbi la kuruka. Intaneti nayo, ambayo tuliambiwa ndiyo itamaliza habari hii yote, ina swichi ya namna hiyo hiyo. Uganda iliizima Januari 2021, wananchi wakipiga kura. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, BBC, iliyokuwa imepunguza masafa mafupi mwaka baada ya mwaka, iliyarudisha kwa ajili ya watu wa huko kwa saa chache kila siku. Mwaka 2023 ikafanya hivyo kwa Sudan.

Sitaki kuipamba hadithi hii kupita kiasi. Wa mbali si malaika. Cairo ilikuwa na lake, London ilikuwa na lake, na Washington imetuonyesha kwamba sauti ya miaka sitini inaweza kuzimwa kwa kalamu kabla msikilizaji hajajua kuna nini. Zamani mwisho wa mshale uliamuliwa na mwenye kiwanda au polisi. Siku hizi unaamuliwa na mhasibu wa nchi nyingine. Ila tofauti ipo: mtawala wako anaweza kukuzimia wote kwa pamoja, lakini wageni huwa hawanyamazi wote siku moja. Mjomba alilijua hilo kwa vitendo. Jioni zake zilikuwa za stesheni tatu, na aliniambia kwamba habari ambayo wote watatu wameisema huitia akilini, ya wawili huiweka pembeni, ya mmoja humwachia mwenyewe.

Kwa hiyo, redio ipi?

Kwanza, soma uso. Maandishi ya SW hayatoshi. Angalia kama namba zinaanza karibu na megahezi 5 na kufika angalau 18, bila mapengo makubwa katikati. Nyingi za bei ya chini huruka bendi nzima. Pili, kama mfuko unaruhusu, chukua yenye kioo cha kuandika masafa kwa tarakimu. Kwenye zile za mshale, stesheni tano hubanana katika upana wa punje ya mchele, na ukiipata leo hutaipata kesho. Yenye tarakimu unaandika 11735 unafika. Tatu, uliza kama ina tundu la kuchomeka antena ya nje. Waya wa kawaida wa mita tano hadi kumi, uliofungwa mwembeni, hufanya kazi kuliko redio ya bei mara mbili iliyofungiwa chini ya paa la mabati. Nne, uijue stima. Chaja za simu na balbu za LED hutoa kelele ambayo sikio halisikii lakini redio inaisikia. Ndiyo maana yule muuzaji wa Luthuli alikuwa mkweli. Ijaribu redio nje ya duka, jioni, ikitumia betri. Tano, ulizia betri yenyewe. Mimi nilichukua Tecsun PL-330 kutoka kwa muuzaji wa tatu, ndogo kama daftari la mfukoni, na moja ya sababu ni kwamba betri yake, BL-5C, ni ile ile ya simu nyingi za kabambe. Garsen haikosekani.

Usisumbuliwe na mtu anayekuuzia redio kwa idadi ya bendi au kwa taa zake. Redio inayoshika ni ile inayoweza kumtenga mnong'onaji mmoja kati ya wapiga kelele wawili. Hilo haliandikwi kwenye boksi, linasikika tu.

Mjomba sasa anaipata Beijing kwa Kiswahili na London kwa Kiingereza, na pale Washington ilipokuwa amebaki na mvumo. Anauacha mshale pale mara moja moja, anasema, kuona kama kuna aliyerudi.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo hakuna muuzaji atakayekutajia, kwa sababu halina kitufe. Simu yangu inajua nimesoma nini, saa ngapi, nikiwa wapi, na inawaambia watu nisiowajua. Redio ya masafa mafupi hupokea tu, haipeleki. Aliyesikiliza Cairo mkahawani mwaka 1955 na anayesikiliza leo chini ya mwembe hawaachi rekodi ya walichosikia kwenye mtambo wowote duniani. Anayetangaza hajui ni nani anamsikia, wala polisi hawana orodha ya kuomba. Tumepoteza vyombo vingi vya namna hiyo bila kuviaga. Hiki kimoja bado kinauzwa, kwa bei ya kuongeleka, ukijua pa kutazama.